Kitambaa Kisichooza

Trevennor, Cornwall
3 Februari

Binti yangu Tegen,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo ili usipoteze wino kuniuliza. Paka ni mzima, bomba la jikoni si zima, na baba yako ni mzima kupita kiasi. Jumapili iliyopita alihubiri kanisani kwao juu ya watu wanaosujudia miti, na Wamethodisti wote wa bonde hili wakageuza shingo kutazama dirisha linaloelekea kwangu. Hayo nimeyapata kwa jirani yangu Zillah, ambaye bado anahudhuria huko kwa ajili ya chai. Ndugu yangu ananipenda, lakini akipata mimbari anasahau.

Juzi jioni tulimkaribisha Bride, mungu wetu wa kike wa machipuko, kama kila sikukuu ya Imbolc. Kitanda chake nilikitandika karibu na meko, mshumaa huku na mshumaa huku. Mwaka huu kura ya kumbeba ilimwangukia Pasco. Na kazi yenyewe ni ndogo, unaijua. Unasimama nje na mwanasesere wake wa mabua, unagonga mara tatu, sisi tunauliza, wewe unajibu kwa maneno yaliyopangwa, mlango unafunguliwa na machipuko yanaingia nyumbani. Mtoto wa miaka minne anaiweza. Wewe uliiweza.

Nikauliza kutoka ndani, kwa ile sauti yangu ya ibada, "Nani anayegonga?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Pasco, jamani! Mvua inaninyea!"

Ndivyo Bride alivyoingia mwaka huu, amelowa, kapoteza mkono mmoja. Asubuhi tukaangalia majivu ya mekoni kama ameacha alama. Ilikuwepo, unyayo wa paka. Zillah anasema ni ishara. Mimi nasema ni paka.

Vijiua vyeupe vya chini ya ukuta vimechelewa, na wachuma maua ya daffodili wako mashambani wameinama tangu alfajiri, wanayakata yakiwa bado yamefumba. Mimi sikai nikatulia siku hizi. Naanza kufua, naacha, naenda hadi kisimani, narudi, nakuta maji ya kufulia yamepoa. Labda ni upepo.

Sasa jambo lenyewe. Mkesha wa Mei Mosi unakuja, na ule mti wa kisima chetu kitakatifu, wanakofunga vitambaa wagonjwa, umejaa takataka za wageni. Pasco na goti lake hapandi kitu kirefu kuliko kitanda. Zillah anapata kizunguzungu juu ya zulia. Na mimi mkono wa kushoto hauinuki vizuri, niliulalia vibaya. Nani atapanda ngazi kuusafisha mwaka huu? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Loveday


Bonde la Huon, Tasmania
21 Februari

Shangazi mpendwa,

Nimecheka peke yangu ndani ya karavani hadi jirani akagonga ukuta. Mwambie Pasco kwamba kati ya maombi yote ya kuingia niliyowahi kusikia, lake ndilo lilikuwa la kweli.

Mimi nami ni mzima. Tunachuma tofaa tangu jua linapochomoza, na mikono yangu imekuwa ya rangi ambayo haitoki kwa sabuni. Silali vizuri. Joto likipungua upepo unaanza, upepo ukitulia naanza kuwaza.

Uliniagiza tarehe mosi niwashe mshumaa wa Imbolc. Shangazi, tarehe mosi huku ilikuwa joto la kukausha mate. Huku tuko kwenye mavuno. Watu wa dini yetu walioko Hobart wamegeuza mzunguko mzima wa mwaka, wanamkaribisha Bride mwezi wa nane na moto wa Beltane, ule wetu wa mkesha wa Mei Mosi, wanauwasha mwisho wa Oktoba, miti yao inapochanua. Niliwaambia kuwa nina shangazi Cornwall mwenye maoni kuhusu jambo hilo. Wakasema maoni hayo wameshayasikia.

Niliuwasha mshumaa wako hata hivyo. Sawa, sikuuwasha. Niliuacha dirishani nikiwaza niuwashe au nisiuwashe, nikarudi kazini nikaukuta umejipinda wenyewe kwa jua hadi umelala chali. Nikaona umeshajibu. Ukweli ni kwamba sijui niko majira gani. Kichwa changu kinachipua na miguu yangu inakanyaga majani makavu.

Kuhusu ngazi. Mavuno hayaishi hadi mwisho wa Mei na nimeshaahidi kukaa. Tena nakujua. Ukiniuliza nani atapanda ngazi, huulizi habari za ngazi. Unataka kujua nani atakaa na kisima baada yako. Sina jibu, Shangazi, na nikiwa hapo mbele yako ningetoa jibu la uongo ili unitazame vizuri. Ndiyo maana niko mbali.

Mkono umefanya nini hasa? Baba kwenye simu hakusema lolote, lakini baba hata nyumba ikiungua atakwambia kuna moshi kidogo. Na lile gauni la kulalia nililokutumia ulipotimiza sabini, lile jeupe lenye vimaua vya buluu, bado unalivaa? Nakumbuka ulisema ni laini.

Wako,
Tegen


Trevennor
23 Machi

Tegen,

Mimi ni mzima. Barua yako ilikaa kwa Zillah wiki nzima kwa sababu mleta barua mpya anadhani nyumba zote mbili ni moja, kwa hiyo usianze kufikiri nilinuna.

Waambie hao wa Hobart kwamba nimefikiri sana na sijabadili mawazo. Halafu waambie nimefikiri tena, na kama miti yao inachanua Oktoba basi wanajua wanachofanya, na waniache. Siku hizi nachoka kubishana.

Sikukuu ya Ostara tumeila vizuri. Mchana na usiku vikalingana, tukachemsha mayai na maganda ya vitunguu yakatoka mekundu kama udongo wa shamba, tukayaviringisha kutoka kilimani. La Pasco lilifika chini zima bila ufa. Tukampigia makofi, tukamvika taji la majani, akatoa na hotuba. Zillah akaliokota, akaligonga kwenye jiwe. Lilikuwa yai la kauri, lile analowawekea kuku wake ili watage! Kavuliwa taji mbele ya watu. Anadai alichukua bila kutazama.

Baba yako alipita na keki ya zafarani na malai. Alikaa karibu na mlango kama kawaida yake ili asiipe mgongo madhabahu yangu wala asiitazame. Akaniambia nimekonda. Nikamwambia yeye amenenepa, kwa hiyo familia haijapungua.

Mkono uko mahali pake. Gauni la kulalia nimelipunguza kidogo, nilikuwa najikwaa.

Wageni wameshaanza. Wiki hii walikuja mume na mke kutoka London, watu wapole, wamevaa viatu vya kupandia milima kuja kwenye kisima kilicho hatua chache kutoka barabarani. Wakataka kufunga utepe wa sanduku la zawadi. Nikawaambia kama ninavyowaambia wote. Unachana kipande cha nguo ya mgonjwa, pale palipogusa maumivu. Unakichovya kisimani, unakifunga mtini, unaondoka. Kitambaa kinaoza taratibu na maumivu yanakwenda nacho.

Yule mke akauliza, "Na huu utepe una tatizo gani? Ni mzuri."

Nikachomoa uzi wake mmoja, nikauweka kwenye mshumaa. Uzi ukajikunja, ukawa kishanga cheusi. Nikachomoa uzi wa leso yangu ya pamba, ukawaka, ukabaki jivu, nikalipuliza. Nikamwambia, "Mama, ukifunga kinachooza unauaga ugonjwa. Ukifunga nailoni unaufunga ukae."

Alilia kidogo. Ni dada yake anayeumwa. Nikampa chai, na akachana pindo la skafu ya dada yake aliyokuwa ameivaa, ikawa vizuri.

Kuna kitambaa kimoja kiko tawi la juu, upande wa kaskazini, ambako mwaka jana mkono wangu ulikuwa bado unafika. Cheupe, chenye vimaua vya buluu. Kipo tangu Mei iliyopita. Mvua zote za majira ya baridi zimekipiga na hakijatoa hata uzi mmoja. Kila nikipita nakitazama, na nisipopita nakifikiria. Pasco ameniuliza mbona hicho sikikati, nikamwambia ni cha mtu. Wewe umewahi kuuza nguo. Hivi kuna vitambaa vinavyokawia tu, vikaja kuoza baadaye? Nauliza tu.

Loveday


Bonde la Huon
4 Aprili

Shangazi,

Wewe si mzima. Salamu nitazitoa baadaye.

Barua yako niliisoma mapumziko ya chai, nikacheka habari za yai la kauri, nikaikunja nikarudi kwenye ngazi yangu. Nikachuma kama ndoo moja hivi. Halafu nikasimama juu ya ngazi tofaa likiwa mkononi na sikuweza kushuka. Msimamizi aliniuliza kama nimeona nyoka.

Cheupe, chenye vimaua vya buluu. Umelipunguza, ulikuwa unajikwaa. Shangazi, wewe ni mrefu kuliko mimi, na gauni lile lilikufika magotini! Ulijikwaa na nini?

Kitambaa hutoka kwenye nguo ya mgonjwa, pale palipogusa maumivu. Ulinifundisha kabla sijajua kusoma. Na mkono wa kushoto hauinuki. Ni titi, sivyo? Na ulijua Mei iliyopita, na sasa ni Aprili, na mwaka mzima umekuwa ukienda kutazama tawi badala ya kwenda kwa daktari.

Sasa nisikilize. Gauni lile si pamba. Nililinunua mbiombio kwa sababu siku yako ya kuzaliwa ilikuwa imenitoka kichwani, nikakata lebo, nikaandika kwenye kadi kwamba ni pamba tupu kwa sababu nakujua. Ni poliesta, yote, hadi uzi wa pindo. Kitambaa hicho hakitaoza mwaka huu wala mwaka ujao. Tutakufa sote na kitakuwa bado pale juu kinapepea. Kwa hiyo kama umekuwa ukikitazama ukidhani kisima kimekukatalia, kisima hakijasema kitu. Kama unangoja kioze ndipo uende hospitali, unangoja kisichokuja. Hakina habari yoyote ya mwili wako. Kina habari ya ubahili wangu tu.

Nenda kwa daktari. Usinijibu kwanza, nenda kwanza. Zillah ana gari. Sitamwambia baba endapo utakwenda wiki utakayopata barua hii, maana najua hutaki kukaa mbele yake akupe ile sura ya msibani. Lakini nenda.

Nimepiga simu tangu jana. Inalia tu.

Tegen


Bonde la Huon
19 Aprili

Shangazi,

Hujaandika. Simu sasa haiiti kabisa.

Nimejaribu kujiambia kwamba ni mleta barua, kwamba zote ziko kwa Zillah, kwamba umekwenda, umelazwa, umetoka, na unanuna tu kwa sababu nimekuwa sahihi. Nachuma tofaa nikiongea peke yangu. Wenzangu wameanza kuchagua safu za mbali.

Jana nilichana mkono wa shati langu la kazi, la pamba, nimechoma uzi nikahakikisha, nikaufunga kwenye mtofaa wa mwisho wa safu. Najua kanuni. Si nguo yako, si kisima chenu, na hapa hata majira yamepinduka, majani ya mti wenyewe yanadondoka. Sikuwa na cha kufanya na mikono yangu.

Nimempigia baba. Nimemweleza yote, mkono, titi, kitambaa. Aliuliza kitu kimoja tu, mti una urefu gani. Sikuelewa, nikamwambia.

Unichukie ukitaka. Nitaishi na chuki yako, mradi wewe uwe hai kunichukia.

Tegen


Trevennor
2 Mei

Tegen mwanangu,

Mimi si mzima.

Nimekaa na maneno hayo matatu tangu asubuhi na chai imepoa mara mbili. Haya, yameandikwa, na nyumba haijaanguka.

Barua yako ya kwanza ya Aprili ilifika zamani. Niliisoma nimesimama, nikaiweka chini ya jagi la maziwa, nikaenda kupiga deki sakafu iliyokuwa safi. Simu nilichomoa waya. Nilijua ni wewe, hakuna mwingine anayeng'ang'ania hivyo. Ya pili ilifika mkesha wa Mei Mosi, asubuhi, na kabla sijaimaliza nikasikia gari mlangoni. Baba yako, amevaa suti yake ya kanisani, na juu ya gari kafunga ngazi.

"Umekuja kunihubiria?" nikamuuliza.

"Nimekuja kupanda mti."

"Wewe, Jory? Mti wa wachawi?"

"Loveday, usinichoshe. Mkasi uko wapi?"

Pasco alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Lakini baba yako alivua koti, akalikunja, akampa Zillah, akapanda. Tangu kipago cha kwanza alikuwa anaimba wimbo wa kanisani chini kwa chini, nadhani ili Mungu asije akakosea akafikiri kahama. Mti umechanua mwaka huu, Tegen, mweupe wote, na miiba ilimchana mikono yote miwili. Hakulalamika. Mimi nilisimama chini na fimbo nikimwonyesha.

"Huu utepe mwekundu?"

"Kata."

"Kamba ya kiatu?"

"Kata."

"Hii ni... ni soksi?"

"Kata. Kuna ya pili nyuma yake, imefuata mwenzake."

Akaendelea hivyo hadi tawi la juu. Kisha akaacha kuimba.

"Na hiki cha maua?"

Zillah alinitazama, Pasco akainuka kwenye ndoo.

"Loveday. Nimekuuliza, na hiki?"

"Hicho ni changu."

"Najua ni chako. Nauliza nikikate?"

Sasa nikwambie jambo ambalo niliwaambia wao pale chini ya mti, maana hukustahili kulisikia wa mwisho. Usijilaumu kwa lebo. Nilijua. Nilijua kabla ya kukifunga. Nilipolichana gauni lilitoa ule mlio wake, na nyuzi zikaninata vidoleni. Pamba hailii hivyo. Nikachoma uzi kwa mshumaa kama ninavyowachomea wageni, ukajikunja, kishanga cheusi kikabaki kwenye kucha yangu. Nikakitazama. Halafu nikapanda ngazi nikakifunga hivyo hivyo, juu kabisa.

Maana miaka yote hii nimewaambia watu kwamba kisima kinasikia. Kama ningefunga pamba, pamba ingeoza. Pamba huoza tu. Na siku ambayo ingeanguka, ningeshika titi langu, na kama uvimbe ungekuwa bado pale, ningebaki na nini? Ningekuwa sina titi wala kisima. Basi nikafunga kisichooza, ili siku hiyo isifike. Kikibaki juu, hakuna jibu, na pasipo jibu mtu anaweza kufua, kulisha paka, kumcheka Pasco. Tatizo ni kwamba sikuweza kuacha kukitazama. Sijapata usingizi wa maana tangu mwaka jana. Yule mama wa London nilimwambia anaufunga ugonjwa ukae, nikampa chai, na alipoondoka nikarudi kutazama kitambaa changu.

Kwa nini nilikuandikia habari za vimaua, sijui. Ningeweza kuandika kitambaa tu. Mkono uliandika vimaua, na nikaifunga bahasha haraka kabla sijaisoma tena.

"Kata," nikamwambia baba yako.

Akakata. Hakukitupa kwenye ndoo pamoja na takataka za watu. Alikitia mfukoni mwa suruali, akashuka. Akasimama mbele yangu na ile sura ya msibani uliyoisema. Nikajiandaa kwa hotuba.

"Una kitu cha pamba?" akauliza.

"Nini?"

"Mwilini. Umevaa kitu chochote cha pamba? Mama alikuwa anatuleta hapa, Loveday. Mimi nilikuwa na pumu, wewe ulikuwa na ulimi. Yangu iliondoka."

Nikaingia nyuma ya ukuta wa mawe nikachana fulana yangu ya ndani, upande wa kushoto. Zillah akauchoma uzi, ukawa jivu, akalipuliza yeye mwenyewe. Nikakichovya. Mkono haukunisaidia, kwa hiyo baba yako ndiye aliyefunga, tawi la chini kabisa, pale ninapoweza kufika bila ngazi. Alifunga lile fundo la mama. Nilidhani nimebaki mimi tu ninayelijua.

Akasema, "Mimi sijafanya hivi, mmesikia? Watu wa kanisani wakijua..."

"Mimi ni mtu wa kanisani," Zillah akasema.

"Basi wewe hukuona."

"Niliona, lakini nitakunywa chai nisahau."

Tulicheka, Tegen, halafu mimi nikaanza kulia na sikuweza kuacha, na ndugu yangu akanishika pale mbele ya kisima cha wapagani na suti yake yote. Miaka mingapi hajanishika. Ana harufu ile ile ya sabuni ya baba.

Jioni moto wa Beltane uliwashwa kama kawaida. Baba yako hakuuruka kama sisi, usije ukaeneza uvumi. Alikaa ng'ambo ya barabara ndani ya gari, taa zimezimwa, hadi tulipomaliza.

Jana alinipeleka kwa daktari. Daktari ni msichana wa juzi tu, mchangamfu, alikuwa ananisimulia habari za hali ya hewa huku akinipima. Aliponishika akaacha kusimulia. Wiki ijayo naenda hospitali ya Truro kwa vipimo, halafu wataamua wakate wapi. Baba yako ndiye dereva. Amesema atasali njia nzima, nimemruhusu, mradi asifumbe macho.

Hawajaniambia uvimbe ni mkubwa kiasi gani wala umefika wapi. Nimeuliza. Nataka ujue kwamba niliuliza, kwa mdomo wangu, na kwamba jibu likija nitalisikiliza lote.

Sasa ngazi. Baba yako amekwisha sema mwakani atapanda tena, kwa siri, na glavu. Kwa hiyo ngazi haikuhitaji, na kisima hakikuhitaji, kilikuwepo kabla yetu na maji yake yanatoka bila ruhusa ya mtu. Uliandika kwamba uko mbali kwa sababu ya jibu ambalo huna. Sikuulizi tena. Sitakuuliza hata ukiwa umekaa hapa jikoni.

Nakuomba uje kwa sababu naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, wala baba yako, wala mtu. Naogopa hospitali, naogopa kuamka nikiwa nusu, naogopa kutoamka. Kitanda chako nimekitandika leo asubuhi. Ukifika usigonge mara tatu wala usiseme maneno yoyote. Sema tu ni wewe.

Shangazi yako,
Loveday

Waya wa simu nimeurudisha ukutani.